Swali la Sita

Alhaji Khalfani alikuwa na muhuri, na hapakuwa na karatasi iliyopita mbele yake bila kugongwa. Alipokuwa meneja kwenye shirika moja la umma aligonga barua za watu kupunguzwa kazi. Kisha shirika lenyewe likafa, vyombo vyake vikapigwa mnada, na yeye akanunua makabati mawili, meza ya mninga na kiti chake kilekile cha kuzunguka kwa bei ambayo hata muuza karanga angeona haya kuitaja. Siku hizo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye kabati alikuwa mkurugenzi. Akachongesha muhuri mpya wenye neno hilo, akapanga nyumba Mikocheni nyuma ya karakana ya mageti, akaandika ubaoni kwamba hapo panaundwa mitambo ya kisasa.

Mitambo hiyo iliundwa na mtu mmoja. Mwinjuma alikuwa fundi simu kabla hajapunguzwa, mtu wa miaka thelathini na minane mwenye mikono mizuri na shingo laini. Nasema shingo laini kwa sababu sijapata kuona mtu anayeitikia kwa kichwa upesi namna ile. Kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na aliijua hasa, hilo simnyimi. Lakini alikuwa anatimiza mwaka wa pili "kwa majaribio", bila barua ya ajira, na kila akiulizia aliambiwa, "Subira, Mwinjuma." Naye hujibu, "Ndiyo, Alhaji," akarudi kwenye kiti chake kisichozunguka.

Barua hiyo ndiyo iliyokuwa paa lao. Mwinjuma, mkewe Mwanaheri na watoto wawili walikaa Kipawa, katika vyumba viwili vya Abdulrahman, kaka yake Mwanaheri, na Abdulrahman alishasema waziwazi kwamba Idd ikipita vyumba vile vitaingia mpangaji. Alhaji naye alikuwa na nyumba ndogo ya uani pale Mikocheni, yenye bomba la maji ndani, aliyoahidi kumpa mfanyakazi mwenye barua.

"Nikimaliza saa ya msikiti ananipa," alisema Mwinjuma. "Kasema mbele ya mlinzi."

"Mlinzi ndiye shahidi wako?" aliuliza Mwanaheri.

Saa yenyewe ilikuwa kisanduku cha bati, ukubwa wa boksi la viatu, kilichoagizwa na kamati ya msikiti wa mtaani kwao Kipawa. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini, yenye prosesa moja dhaifu, ndiyo ubongo wake. Kazi yake ilikuwa kuonyesha saa kwa tarakimu nyekundu, kupiga hesabu ya jua kila siku, na jua likizama ipulize king'ora ili watu wafuturu. Alhaji aliwaambia wanakamati kwamba prosesa hiyo ni ya daraja la kwanza. Alikuwa ameiokota Dubai, kwenye pipa la vitu vilivyopitwa na wakati.

&nbsp;

Kompyuta haifanyi lolote bila kiini cha mfumo, yaani ile programu ya chini kabisa inayoamka kwanza na kuzisimamia nyingine zote. Kiini hicho hutolewa bure na watu wa ng'ambo, lakini ni kikubwa, kimetengenezwa kitoshe kila aina ya mashine, na ukitaka kukitia kwenye mashine ndogo lazima ukipunguze. Unakipunguza kwa kujibu maswali. Yanakuja moja moja, zaidi ya mia tatu, kila moja linataka ndiyo au hapana, na ukishajibu huwezi kurudi nyuma. Ukikosea, unaanza tena swali la kwanza.

Ndiyo maana Mwinjuma alitaka majibu yote yaandikwe kwanza kwenye kauntabuku. Aliyaandika Mwanaheri, maana mwandiko wa mumewe uliweza kusomwa na yeye peke yake. Ilikuwa Jumapili, wiki moja kabla ya Ramadhani. Walikaa mkekani, mume akisoma Kiingereza cha maswali na kukifasiri, mke akiandika.

Swali la sita lilimpa Mwanaheri shida. "Hili silielewi," alisema.

"Prosesa nzuri huwa na kipande cha kupigia hesabu za desimali. Hii yetu haina. Kiini kinauliza, nizipige mie hizo hesabu kwa niaba yake?"

"Ukisema hapana?"

"Programu ikigusa desimali tu, kiini kinaiua palepale. Saa itaendelea kwenda, maana saa ni kuhesabu moja, mbili, tatu. Lakini hesabu ya jua ni desimali. King'ora hakitalia."

Mwanaheri akaandika ndiyo na kuipigia mistari miwili chini yake. Baada ya hapo zikaja hapana, ukurasa baada ya ukurasa. Kadi ya sauti, hapana. Mtandao, hapana. Diski za CD, hapana.

"Mbona hapana tupu?"

"Kumbukumbu yake finyu. Kila ndiyo inakula nafasi. Ni sawa na kuhamia chumba kimoja na kabati la milango mitatu."

"Hiyo sie tunaijua," alisema Mwanaheri, akalamba kidole na kufungua ukurasa mwingine.

&nbsp;

Alhaji hakukubali jambo lifanyike ofisini kwake bila idhini ya maandishi. Alitaka kauntabuku liambatanishwe na taarifa ya kamati, kila ukurasa na sahihi, kila sahihi na muhuri, kama walivyofanya kule kwenye shirika mpaka likafa. Alilifungua Jumatatu, siku ya pili ya mfungo, midomo ikiwa imemkauka.

"Hapana, hapana, hapana," alisoma. "Mwinjuma, hii ni mashine au ni fukara?"

"Ni ndogo, Alhaji."

"Mtandao hapana. Sauti hapana. Watu wa kamati watalisoma hili. Watasema Khalfani kawauzia nini? Weka ndiyo."

"Hivyo vitu haina, Alhaji."

"Leo haina. Kesho je? Weka ndiyo."

Mwinjuma akaweka. Ziliwekwa ndiyo arobaini na moja kwa kalamu nyekundu, kiini kikatengenezwa asubuhi ile, kikatiwa kisandukuni, na kisanduku hakikuwasha hata tarakimu moja. Hakikuwa na nafasi. Alhaji alikitazama kama baba aliyetukanwa na mwanawe mbele ya wageni. Kisha akazirudisha zile hapana moja moja, kila moja na sahihi yake, kwa kuwa masahihisho nayo yanataka idhini, mpaka akarudi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Katikati ya hapana zote hizi wewe umeandika ndiyo, tena umepiga mistari. Hili linauliza nini?"

Mwinjuma akaeleza taratibu.

"Yaani mashine yangu haijui hesabu."

"Inajua, Alhaji, ila hizi za desimali..."

"Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Ataliona hili, swali la sita tu, mwanzoni kabisa. Ataniuliza, prosesa ya daraja la kwanza inasaidiwaje hesabu? Nimjibu nini?"

Jibu lilikuwapo na lilikuwa fupi: mwambie umenunua takataka. Mwinjuma alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye ndiye aliyekiosha kisanduku kile. "Bila hiyo ndiyo king'ora hakitalia, Alhaji," alisema mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa mchana wa Ramadhani.

"Hapana mia tatu umeweka hukufa. Hii moja ndiyo itakuua?" Alhaji akaikata ndiyo ya Mwanaheri, akaandika HAPANA kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akagonga muhuri, akaupulizia wino ukauke. "Sawa?"

"Ndiyo, Alhaji."

&nbsp;

Jumanne Alhaji alikaa ubavuni kwa Mwinjuma, kauntabuku mapajani, akihakikisha kila jibu linaloingia kwenye kompyuta ya ofisi ni lile lililogongwa muhuri. Maswali yakaisha. Ikabaki kukipika kiini, kama Mwinjuma alivyozoea kusema, kazi ambayo mashine huifanya yenyewe, na kwa ile ya ofisini ilichukua saa moja na dakika kumi. Dakika ya kumi Alhaji alikuwa amelala kwenye kiti chake cha kuzunguka, mdomo wazi, saumu imemlemea.

Sasa nitazame mimi nikueleze mtu mzima alifanya nini. Alikuwa na saa nzima. Angeweza kuikatisha mashine, akajibu upya maswali anayoyajua kwa moyo, akaweka ndiyo moja, na mkubwa wake angeamka akakuta bado inapika asijue kitu. Mara tatu Mwinjuma aliweka vidole kwenye kibodi, mara tatu akaviondoa na kuvifuta kwenye suruali. Nimejiuliza sana alikuwa anaogopa nini, na sijapata zaidi ya kwamba aliogopa kufumaniwa anafanya kazi yake vizuri. Mashine ikamaliza, ikapiga kengele, na Alhaji akaamka akijifuta mate.

Wakakijaribu kiini palepale kwenye kompyuta ya ofisi. Hiyo ilikuwa na prosesa kamili yenye hesabu zake, kwa hiyo programu ya jua ilifanya kazi bila kusaidiwa, na spika ndogo ikalia kama ilivyotakiwa.

"Umeona?" alisema Alhaji. "Mafundi mnapenda kutishia watu."

"Hii ni ya ofisini, Alhaji. Kwenye kisanduku chenyewe..."

"Mwinjuma. Imelia au haijalia?"

"Imelia."

Alhaji akakitia kiini kisandukuni kwa mkono wake mwenyewe, akafunga kifuniko, akabandika karatasi juu ya skrubu zote nne na kuigonga muhuri ili asifungue mtu. Kauntabuku akampa Mwinjuma aende nalo nyumbani, mkewe atoe nakala safi ya kamati.

&nbsp;

"Si ungeweka ndiyo kimyakimya?" aliuliza Mwanaheri jioni ile, akipepeta mchele.

"Alikuwepo."

"Umesema alilala."

Mwinjuma akaokota punje za mchele zilizoruka sakafuni. Kisha akasema, "Barua ananipa Alhamisi, baada ya uzinduzi wa saa msikitini. Keshaiandika, nimeiona. Fundi Mkuu."

"Uzinduzi wa kitu ambacho hakitalia."

"Huwezi jua. Labda..."

"Labda nini? Mashine inaogopaga vyeo?"

Akaweka ungo chini. Mzee Marijani, muadhini wa msikiti, alikaa nyumba ya nne kutoka pale, na lilikuwa jambo la dakika tano kwenda kumwambia, mzee wangu, Alhamisi usikingojee hicho kidude. Mwanaheri alivaa baibui mpaka mlangoni. Hapo akakumbuka bomba la ndani la Mikocheni, akamkumbuka kaka yake na huyo mpangaji, akasimama kidogo na mkono kwenye komeo. Kisha akarudi, akalivua baibui na kulitundika kwenye msumari. Kwa hiyo dharau yetu tusimmwagie Mwinjuma peke yake, na mkewe tumbakizie kidogo.

&nbsp;

Alhamisi msikiti ulijaa. Mikeka ilitandikwa mpaka uani, uji wa pilipili manga ukafika kwenye ndoo, tende zikagawiwa mkono kwa mkono. Kisanduku kilikuwa kimetundikwa ukutani, tarakimu zake nyekundu zinakwenda vizuri kabisa, na chini yake alikaa Alhaji Khalfani katika kanzu mpya, akieleza namna mashine inavyolijua jua kuliko macho ya binadamu. Mzee Marijani, aliyeadhini pale miaka thelathini na moja, aliambiwa leo apumzike, akisikia king'ora ndipo asimame.

"Haya," alisema mzee, akakaa.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini ikafika. Kila mtu alikuwa na tende yake kati ya vidole viwili. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Msikiti wa ng'ambo ya barabara ukaadhini, vichwa vikageuka, na Alhaji akainua kidole.

"Wale wanakisia," alisema. "Sisi tunapiga hesabu."

Watu wakacheka, wakazishika tende zao vizuri. Watu wazima wenye akili zao, wengine wamesoma mpaka Unguja, waliona kwa macho mbingu inakuwa nyeusi juu ya paa za Kipawa wakaendelea kukitazama kisanduku. Mbu wakaanza. Katoto kamoja kakatafuna tende yake, mama yake akakafinya. Hapakuwa na hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia Alhaji kwamba usiku umeingia. Mwinjuma alikaa safu ya tatu, macho kwenye mkeka, akijua anachojua.

Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, Mwanaheri alikaa karibu na Bibi Rukaiya, ajuza mwenye kisukari ambaye watoto wake walishindwa kumzuia asifunge. Mkono wa bibi ulikuwa unatetemeka, na jasho limemtoka wakati hakuna joto.

"Mwanangu, bado?" aliuliza.

Mwanaheri akalitazama giza dirishani. Angeweza kusema, kula, bibi. Wanawake thelathini wangemsikia, na wangetaka kujua yeye amejuaje.

"Bado, bibi," alisema.

Dakika kumi na sita zilipita. Ndipo Mzee Marijani alipojizoa pale alipokaa, hakuomba ruhusa ya mtu, akaweka viganja masikioni na kuadhini kwa sauti ya hasira. Tende zikaingia midomoni kwa mara moja. Bibi Rukaiya yake ilimdondoka. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yamegeuka juu, na ilibidi apanuliwe mdomo kwa kijiko na kunyweshwa maji ya sukari mpaka akajua yuko wapi.

&nbsp;

Ijumaa asubuhi Alhaji alikuwa na karatasi mbili juu ya meza ya mninga.

"Ya kwanza ni maelezo yako," alisema. "Kwamba katika kutayarisha kiini, wewe fundi, kwa uzembe wako, ulilijibu visivyo swali la sita. Utaisoma leo msikitini kwenye darsa, baada ya alasiri. Ya pili ni barua yako. Soma."

Mwinjuma akasoma. Fundi Mkuu, ajira ya kudumu, pamoja na nyumba. Ilikuwa na sahihi, ila haikuwa na muhuri.

"Muhuri nitagonga darsa ikiisha. Na lile kauntabuku uje nalo, nilitunze mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite. Watu watasahau."

"Alhaji, lakini ile hapana..."

"Ile hapana iliandikwa na nani, Mwinjuma?"

Mwinjuma aliitazama barua, akautazama muhuri kwenye kikasha chake cha wino. "Na mie, Alhaji," alisema.

Nyumbani alimweleza mkewe akiwa amesimama, kama mtu aliyeleta ujumbe wa mtu mwingine. Mwanaheri alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Barua umeiona kwa macho yako?"

"Nimeishika."

"Haya. Kauntabuku nitakuja nalo mwenyewe, nitakupa darsa ikiisha." Akalifunga kwenye kanga. Alikuwa amekubali, nisikufiche. Alikuwa ameshaanza kuwaza pazia za nyumba ya Mikocheni.

&nbsp;

Mwinjuma aliisoma karatasi yake vizuri, bila kukwama, kwa sababu maneno hayakuwa yake. Alipofika "kwa uzembe wangu" mwenyekiti wa kamati, yule mwalimu mstaafu, alitikisa kichwa kama alivyokuwa akiwatikisia watoto waliokosa jedwali la saba. Alhaji alikuwa hatua mbili kutoka hapo, akivuta tasbihi. Ingekwisha vizuri. Lakini Mzee Marijani akainua mkono.

"Mwanangu, mie mambo ya kompyuta siyajui," alisema. "Nakuuliza la kwetu. Juzi tulipokuwa tumekaa hapa..."

"Jana, mzee," mtu alimsahihisha.

"Jana. Tumekaa na tende mkononi. Wewe ulikuwa unajua kwamba hakitalia?"

Mwinjuma alikuwa mwoga, lakini alikuwa amefunga, na alikuwa ndani ya nyumba ya Mungu. Uongo wa kwenye karatasi aliuweza kwa kuwa ulikuwa umepigwa chapa. Huu ulitaka mdomo wake.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Kukosea swali kila mtu hukosea, wangemsamehe kabla ya magharibi. Hili lilikuwa jingine.

"Ukatuacha," alisema Mzee Marijani. "Na kuna ajuza nusura tumzike." Akapumua. "Ulimwambia mtu yeyote?"

Tasbihi ya Alhaji ikasimama. Mwinjuma alimtazama Alhaji, akaiona bahasha ya barua ikichomoza kwenye mfuko wa kanzu. Alikuwa amewaambia watu wawili tu duniani, na aliulizwa swali la wazi. Macho yake yakahama, yakaenda mpaka kwenye pazia.

"Nilimwambia mke wangu," alisema.

Nyuma ya pazia wanawake wote wakageuka. Bibi Rukaiya alikuwapo, kaletwa kwa kushikiliwa mikono miwili, na yeye ndiye aliyegeuka wa mwisho.

"Mwanaheri," alisema polepole. "Mie si nilikuuliza?"

"Uliniuliza, bibi."

"Ukanambia bado."

"Nilikwambia bado. Nisamehe." Uso ulimwaka, na hapakuwa na mahali pa kuuficha, kila upande palikuwa na macho ya mtu anayemjua tangu utoto. Aliona haya mpaka akatamani kukojoa. Ndipo akaifungua ile kanga, akalifunua kauntabuku kwenye ukurasa wa kwanza na kulisukuma sakafuni kwa vidole, likapita chini ya pazia, likatokea kwa wanaume.

Mwenyekiti aliliokota. Alitafuta miwani yake, akaivaa, akasoma kwa sauti, kwa kuwa hakujua mwalimu anasomaje vinginevyo.

"Swali la sita. Prosesa haina kipande cha hesabu, kiini kiisaidie? Ndiyo, imepigiwa mistari. Ndiyo imekatwa. Hapana, kwa wino mwekundu. Sahihi, Alhaji Khalfani. Muhuri, Mkurugenzi." Akalisogeza karibu na macho. "Muhuri umegongwa vizuri. Unasomeka wote."

"Hayo ni mambo ya kitaalamu," alisema Alhaji, akainuka kutafuta viatu vyake.

&nbsp;

Usidhani Alhaji alianguka. Watu wa namna yake hawaanguki, wanahama meza. Kamati ilikaa ikaona kwamba kisanduku kinaonyesha saa vizuri tu, ikakiacha ukutani, na kipo mpaka leo. Wiki ile ile Alhaji alipata kazi ya kuweka mitambo mahali pengine. Barua aliondoka nayo mfukoni, haijagongwa.

Siku ileile ya Ijumaa, kabla jua halijazama, Mwinjuma na Mwanaheri walikaa mkekani nyumbani, sahani ya tende katikati na watoto pembeni. Msikitini hawakuwa na uso wa kurudi. Nje ya dirisha Abdulrahman alikuwa anamwonyesha mtu vyumba, akimweleza kwamba mvua haiingii.

"Umetukosesha nyumba," alisema Mwinjuma.

"Ulinitaja."

"Nilisema kweli. Msikitini nisingeweza kusema uongo."

"Kweli ulikuwa unaijua ina watu wawili," alisema Mwanaheri. "Ukamtaja aliye nyuma ya pazia."

Mwanaheri hakungoja jibu. Alimgawia kila mmoja tende yake, na yake akaiweka kwenye kiganja.

Mzee Marijani akaadhini. Sauti ilifika yenyewe, nzito, imechoka kidogo. Mwanaheri akapiga bismillahi, akala, na watoto wakala. Adhana ikafika katikati, ikafika mwisho, na Mwinjuma bado alikuwa ameishika tende yake kati ya vidole viwili, anamtazama mkewe, anangoja aambiwe ale.